Ukili wa Kanze

Esha binti Chirau,
Kwa anwani ya Posta ya Msambweni,
Wilaya ya Kwale.

Jumanne, 6 Mfunguo Nne 1373
(15 Septemba 1953)

Mpendwa mdogo wangu Suleiman,

Asalaam aleikum warahmatullahi. Marahaba. Najua hukuniamkia, maana barua yako ya mwisho iliingia kwenye shughuli moja kwa moja kama mtu anayekimbilia garimoshi, lakini nimekuhesabia kwamba uliniamkia moyoni, nami nimeitika. Mkubwa ni jaa, taka zote humwangukia yeye.

U hali gani huko Jinja? Kile kifua chako kimepoa, au bado baridi ya ziwa inakusumbua asubuhi? Chemsha mchaichai na tangawizi, unywe kabla hujavaa viatu vya kazi. Mkeo Bi. Zaituni hajambo? Na wale watoto wawili? Mwambie buni za kutafuna alizoniletea zilifika salama, na kila nikizitafuna nalitaja jina lake kwa wema. Hajaniona kwa macho, na amenikumbuka kuliko wengine waliozaliwa tumbo moja nami. Sisemi ni nani.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mjomba Mbwana miguu yake inamvuta, lakini mdomo uko imara. Mwaka mpya umetukuta wazima. Minazi imezaa vizuri, na tumbili wanazila nazi kwa niaba yetu.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, simtumi mtu. Tangu nijifunze herufi hizi za Kizungu kwenye lile darasa la akina mama, sitaki tena mtu wa kati baina yangu na ndugu yangu. Basi ukiona kosa ni langu, na ukiona ukali ni wangu vile vile.

Umeandika kwamba hutaweza kuja kwenye harusi ya mwanao Mejumaa Mfunguo Sita, kazi ya bwawa imekubana, na kwamba utatuma karatasi kumfanya Mjomba Mbwana awe wakili wako mbele ya khatibu. Nimekusikia. Nitakujibu, lakini kwanza nisikilize habari ya Kikoneni, maana jibu langu limo humo.

Ijumaa iliyopita baada ya swala tulikwenda Kikoneni kwa mama mkubwa Dama kushona mkeka wa bibi harusi. Nikukumbushe mambo ya wanawake, maana wanaume mnalalia mikeka maisha yenu yote bila kujua imetoka wapi. Kila mwanamke wa ukoo husuka ukili wake nyumbani kwake, ule utepe mrefu wa majani ya mkindu, akauviringa kama tumbaku ya kamba. Halafu tunakutana, tunazishona kili zetu ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo unapatikana mkeka. Aliyeshonewa mkeka namna hiyo analala juu ya mikono ya watu wake wote.

Tulikuwa watu wa raha. Mimi, Mejumaa, na Kadzo, dada yake marehemu mkeo Kanze, aliyetoka Kinango na mzigo wake kichwani. Kadzo yule yule, mdomo wake hauna kufuli. Lori la miwa lilituchukua mpaka karibu na Ramisi, na kutoka hapo tukapanda kwa miguu, Kadzo akimtania Mejumaa njia nzima kuhusu mchumba wake, Boga wa Mzee Waziri wa Mkwiro, yule fundi cherehani. Ati mume fundi cherehani ni hasara, kwa sababu atajua kipimo cha kiuno chako na utakaponenepa hutaweza kumdanganya. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

Mama mkubwa alikuwa ametuwekea vyungu vya rangi tayari. Hataki rangi za dukani, anasema zinalia mkeka ukilowa. Nyekundu yake ni ya maganda ya mikoko, nyeusi ni ya tope la mikoko hiyo hiyo, na njano ya manjano ya kupikia. Jioni ile tulichovya majani ya kushonea pindo, tukayaanika kwenye kamba uani, na upepo ukipita yalikuwa yakinong'onezana. Mikono yetu ikawa ya rangi tatu. Nilisahau umri wangu, Suleiman. Tulizungumza habari za nakshi, ile ya jicho la njiwa na ile ya hatua za kanga, na nani aliyeanza kuisuka, na nani aliyeiiba kwa jirani akasema imemjia ndotoni.

Jambo la kwanza la ajabu lilikuwa dogo. Mama mkubwa alipopakua chakula, wali na samaki wa ng'onda na mboga ya mtsunga, sahani moja ilizidi. Akacheka, akasema uzee huo. Jumamosi asubuhi, uji, kikombe kikazidi tena. Mchana akapakua Kadzo, akihesabu kwa sauti, na ikazidi vile vile. Hapo hakuna aliyecheka. Kadzo aliifunika ile sahani kwa kawa, akaisogeza pembeni, wala hatukuiulizia tena.

Jumamosi hiyo tulishuka bondeni kukata mkindu kwa ajili ya mikeka ya wageni. Mejumaa alibaki nyumbani na mama mkubwa kuzipanga kili na kuzilowesha zilainike. Tuliokwenda tulikuwa mimi na Kadzo na jirani mmoja wa pale, mke wa Mwero, mtu mpole asiyejua habari zetu. Laiti ungeliona lile bonde. Maji yapo hata kiangazi hiki, safi mpaka unaona mchanga. Mbega walikuwa juu ya miti na mashuka yao meupe mabegani, wametulia kama wazee barazani. Hondohondo walipita wakipiga kelele zao. Kila mkindu tulikata kile kilele kichanga kisichofunguka, kimoja kimoja, tukauacha moyo wa mti usidhurike. Kadzo alivua kanga ya kichwa akaitia majini akajitandika nayo usoni, akasema pepo haiwezi kupazidi sana hapa.

Halafu tukasikia mtu anaimba kwa pua.

Si wimbo, Suleiman. Ni ile mm-mm, mm-mm-mm, ya mtu aliyeshughulika, inayopanda kidogo mwishoni kama anayeuliza. Ilitoka nyuma yetu, upande ule ambao mikindu imesongamana, na ilikuwa ikienda kwa mwendo wa kisu: mm-mm, kimya, mm-mm. Nilimtazama Kadzo na Kadzo alinitazama. Unajua ni nani aliyekuwa akikata mkindu hivyo. Wewe ulikuwa ukimfanyia mzaha, ukimwita nyuki wako.

Mke wa Mwero, ambaye hakumjua Kanze katika uhai wake, akageuka akaniuliza kwa upole, "Yule mwenzenu hatoki akapumzika? Amechuma tangu asubuhi."

Tulifunga mizigo yetu hapo hapo. Njiani Kadzo hakutania hata neno moja, na hilo lilinitisha zaidi. Tulipofika nyumbani, Mejumaa alikuwa amekaa mlangoni na mama mkubwa, mikono yote miwili ndani ya beseni la kili, hajasogea tangu tuondoke. Nilimwuliza mama mkubwa mara mbili, naye akanihakikishia.

Sasa lazima nikukumbushe jambo ambalo najua hupendi kukumbushwa. Mwanamke wa nyumba yetu akifa ukili wake haujesha, ncha ya ukili hufungwa fundo, na ukili ukatundikwa kwenye kombamoyo la paa, juu ya kitanda chake. Hauguswi na mkono mwingine. Siku ya arubaini mumewe huuteremsha, akalifungua lile fundo, akasema maneno mawili: nina radhi nawe, nenda. Baada ya hapo ukili ni wa binti zake, wafanye wapendavyo. Ndivyo alivyofanya baba yetu, na babu kabla yake.

Kanze alifariki kwa uzazi mwaka ule vita vilipokwisha, na kitoto kikamfuata. Ukili wake tuliutundika. Kabla ya arubaini wewe ulikuwa umekwishapanda garimoshi. Tangu hapo umetuma kila kitu, nguo, sukari, ada ya chuo, wala sina la kukulaumu katika matumizi. Lakini lile fundo lilibaki juu. Mwalimu wa chuoni alikuwa akisema hayo ni mambo ya kale, dini haiyajui. Ni kweli. Lakini na yeye, kila alipoingia kumsomea mgonjwa wetu yeyote, alipita pale akiinamisha macho kama mtu anayetafuta sindano. Mimi ndiye niliyelala chumba kile na mtoto. Nami sikuinua macho. Nilijifunza kuvua nguo, kutandika, kuwasha taa, yote bila kuangalia juu.

Turudi Kikoneni. Jumapili tulianza kushona mapema, uani, jua halijawa kali. Kila mtu na shazia yake, ile sindano ndefu ya mikeka, na kili zimetoka kwenye maji zimelainika. Mama mkubwa anakaa katikati, sisi pembeni, na kazi ikaenda kwa raha mpaka nikaanza kuona aibu kwa hofu yetu ya jana. Kadzo alirudia utani wake. Mejumaa alishona upande wake peke yake, haraka, hainui kichwa. Nikadhani ni haya ya bibi harusi.

Karibu na adhuhuri mama mkubwa akasema tuutandaze tuuone. Tukaushika pembe nne tukaulaza. Haukulala. Pembe moja ilinyanyuka. Tukaikanyaga, ikanyanyuka nyingine. Mama mkubwa akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya mkeka polepole, ukili baada ya ukili. Alipofika wa tatu kutoka ukingoni mkono wake ukasimama.

Ukitazama ukili wetu wowote, mistari ya msuko inapanda kuelekea kulia. Ndivyo mikono yetu inavyosuka. Huu wa tatu mistari yake ilikuwa inapanda kushoto. Na katika ukoo wote, upande wetu na upande wa Kinango, aliyekuwa na shoto ni mtu mmoja tu. Alikula kwa mkono wa kulia kama watu, akasalimu kwa wa kulia, lakini akishika mkindu, mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukiongoza.

Mama mkubwa alisema taratibu, "Huu ni mkono wa Kanze."

"Mulungu wangu!" Kadzo aliruka akasimama, shazia ikaanguka. "Amekuja! Dada yangu amekuja kumshonea mwanawe!"

Mimi nilisema haiwezekani, ukili wa Kanze uko Msambweni umetundikwa paani. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa. Nilifikiri habari ya sahani. Nilifikiri ile sauti ya bondeni. Nilimwona mke wa Mwero, aliyekuja kutusaidia kushona, anarudi kinyumenyume kuelekea kwenye lango, mpole yule, hata viatu hakuvaa.

Ndipo Mejumaa akasema, bila kuinua kichwa, "Shangazi, paani hakuna kitu. Hujaangalia tu."

Suleiman, nikuambie kama alivyotuambia. Alianza akiwa bado mdogo, mwaka uliofuata. Mimi nikienda sokoni au shambani, yeye hupanda juu ya kitanda, akauteremsha ukili wa mama yake kwa kijiti cha panda. Mwanzo alikuwa akiushika tu. Halafu akalifungua fundo. Akasuka kidogo, upana wa kiganja, akafunga tena, akarudisha. Mkono wake ni wa kulia, lakini ukili ule ulikataa mkono wa kulia, msuko ulikuwa ukivunjika, basi akajifundisha kusuka kwa shoto. Miaka yote hiyo. Mimi nipo chumba kimoja naye, na ukili unarefuka juu ya kichwa changu, wala sijui, kwa sababu ya woga wa kutazama. Tulipotangaza mkeka wa harusi aliuteremsha wote akauweka katikati ya kili zake. Pale tulipokuwa tukipaheshimu kwa hofu, kumbe palikuwa na kamba tupu.

Mama mkubwa alimwuliza, "Nani aliyekupa ruhusa ya kulifungua fundo?"

Akajibu, "Mwenye kunipa ruhusa alikuwa Jinja."

Sikumkemea. Ningemkemea kwa neno gani?

Kadzo ndiye aliyeshika kisu cha kuchania mkindu. Si kwa ubaya, Kadzo anampenda yule mtoto kuliko wanawe. Lakini alisema ukili uliofunguliwa na asiye mume ni balaa, mama hajapewa radhi, huku mtoto amemwita kila siku, atawezaje kwenda? Ukatwe sasa hivi, utolewe humu, kabla mtoto hajalala juu yake siku ya harusi akawa kama mama yake, kitanda kimoja cha raha na cha kifo. Hayo ndiyo maneno yake. Nakuandikia yote kwa sababu ndiyo yanayoninyima usingizi.

Mejumaa alilala juu ya mkeka kifudifudi, mikono ameitandaza, shazia bado zimechomekwa humo, moja ilimkwaruza shavu. Akasema, "Mkate na mimi basi."

Kadzo akakitupa kisu akaangua kilio. Tulilia sote, isipokuwa mama mkubwa. Nilimnyanyua mtoto nikamfuta damu. Nikamwuliza kwa nini, mwanangu, kwa nini usiniambie. Akaniambia uso wa mama yake ulianza kumtoka. Kila akijaribu kuukumbuka ulikuwa ukija wa kwangu mimi. Akaogopa. Lakini mikono ya mama yake aliikumbuka, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiitazama siku zote alipokaa miguuni pake. "Basi nikasema niishike hiyo mikono isije nayo ikaondoka."

Tulipotulia, mama mkubwa alisema la kukata halipo. Mke hupewa radhi na mume, wala si na kisu. Fundo limekwisha kufunguliwa, limefunguliwa. Lakini pale lilipokuwa, pale mkono wa Kanze ulipokomea, mume anaweza kupaweka mkono wake na kuyasema yale maneno mawili, na jambo likawa limetimia. Basi ni kupatafuta mahali pale tu.

Tukapatafuta. Mama mkubwa aliyafumba macho akapitisha vidole gumba kutoka ncha mpaka ncha. Kadzo akauvuta mkeka juani, akaweka jicho karibu kama mtu atafutaye chawa. Mimi pia. Nilitegemea nione mahali majani yamebadilika, au mkono wa mtoto uliokaza na kulegea, au moshi wa paa umeishia wapi. Hakuna. Ukili mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mama mkubwa aliniambia baadaye jikoni kwamba amesuka tangu hajajua kujifunga kanga, na hajapata kushindwa kuona mkono mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia.

Mejumaa akatuambia, "Mimi napajua. Nitamwonyesha baba."

Tulimbembeleza. Kadzo alimwahidi pete yake ya fedha. Mama mkubwa akamtisha kidogo, kwa uzee wake. Alijibu kila mtu kwa adabu, abee, nimesikia, na jawabu likabaki lile lile. Akaongeza kwamba hatolewi ndani kuolewa mpaka mahali pale pamewekwa mkono na mwenyewe. Boga akikubali kungoja, vyema. Asipokubali, pia vyema.

Basi tulirudi jana na mkeka nusu haujashonwa pindo. Nilipoingia chumbani niliinua macho yangu. Kamba iko, imejikunja kwenye kombamoyo, na makuti yamekuwa meusi kwa moshi ila pale ukili ulipokuwa umeyakinga. Nilipatazama sana. Halafu nikakaa kitandani nikaona haya, mtu mzima.

Mkeka tumeuviringa tukaufunga kwa kamba na kuuegemeza ukutani. Leo asubuhi kamba ilikuwa chini na mkeka umejitandaza sakafuni wenyewe. Najua sababu, mama mkubwa alikwisha kunieleza: msuko wa kushoto unavutana na wa kulia, hauwezi kukaa umekunjwa. Najua. Lakini niliuzunguka, sikuukanyaga, na nilipotoka niliurudisha mlango polepole kama mtu anayemwacha mwenzake amelala.

Sasa jibu langu kuhusu karatasi yako ya uwakili. Nimempelekea Mjomba Mbwana habari zote. Amesema kuozesha yuko tayari, atakaa mbele ya khatibu atamke yote yanayotakiwa. Lakini hilo la radhi asiingizwe kabisa, yeye si mume wa Kanze na hataki Kanze amdhanie hivyo. Nilicheka, nisamehe, lakini ana haki. Nikaha inakubali wakili. Hili halina wakili.

Na nikuambie jambo moja ambalo sijapata kukuambia. Watu walisema mengi ulipoondoka. Kuna waliosema mligombana na marehemu, umemnyima radhi makusudi. Nami kwa muda niliamini, na nilikukasirikia sana, Suleiman, hata barua zako nilikuwa nikisomewa nikiwa nimezipa kisogo. Siku nyingi sasa siamini hivyo. Wewe hukumnyima. Ulishindwa kutamka lile neno la pili. Radhi ulikuwa nayo, ila kumwambia aende hukuweza, ukaona nafuu uende wewe. Kama nimekosea niandikie unitukane, nitafurahi kutukanwa.

Hasira imekwisha. Iliyobaki ni hofu, na simwogopi Kanze. Alikuwa mtu mwema na hata akipita kwenye mikindu akiimba kwa pua hajatudhuru, ametuchumia. Nakuogopea wewe, na namwogopea mtoto ambaye amekaa miaka yote hii akimzuia mama yake mlangoni peke yake, kwa mikono miwili, kwa kuwa mwenzake wa kumsaidia hakuwepo. Mikono ile inataka kupumzika, ianze kazi zake yenyewe.

Bwawa lenu halitakauka kwa wewe kukosekana wiki mbili. Maji yana bwana wao. Omba ruhusa, panda garimoshi mpaka Mombasa, vuka Likoni, na kutoka hapo lori lolote litakufikisha. Ukitaka, mlete Bi. Zaituni na watoto. Nitamlaza kwenye kitanda changu mwenyewe, na mimi nitalala chini sakafuni.

Mjomba Mbwana anakusalimu, anauliza kama ni kweli huko samaki wa ziwani hawana chumvi. Mama mkubwa Dama anakuombea dua kila alfajiri na amesema akifa kabla hujaja, basi usije. Kadzo anakusalimu na anasema ushemeji hauozi, bado anakudai maneno yako ya utani. Boga anakuamkia kwa heshima zote. Nimemweleza jambo hili, akasema atangoja, na akaenda zake kushona. Nimempenda hapo.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, aipunguze kazi mikononi mwako, na akupe moyo wa kusimama pale unapopaswa kusimama. Amin.

Nilimwuliza Mejumaa nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mkeka, hakuugusa. Akaniambia, "Usimwandikie kitu, shangazi. Mwambie tu kwamba mama bado hajaondoka, lakini mimi nimechoka."

Mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Esha binti Chirau